Nani Anataka Shingo?

Ukija Mafia ukamtafuta Somo wangu kwa jina lake, utazunguka mpaka viatu viishe soli. Jina analo, ila kuanzia Miburani anakokaa mpaka Kiegeani hakuna anayelikumbuka. Sema Somo tu, utaonyeshwa nyumba. Hata wanaume wanamwita hivyo, na yeye huwaitikia akiwatazama juu mpaka chini, anasikitika kwamba hakuwapata mapema akawafunda na wao.

Kwa asiyejua mambo yetu, somo ni mwanamke anayemfunda binti kabla ya kuolewa. Humkalisha ndani, akamfunika kanga gubigubi, akamweleza yale ambayo mama mzazi hawezi kumtajia mwanawe. Binti huyo ndiye mwari wake, na uwari wenyewe hauishi arusi ikiisha. Mimi hapa ni nesi, nina wanangu na nina ukali wangu kazini, waulize waliochelewa kuja kliniki. Lakini nikimwona Somo kwa mbali bado nauweka ushungi wangu sawa.

Siku aliyonifunda mimi nililia kwa haya mpaka kanga ikalowa. Akaniambia maneno anayomwambia kila mwari wake: "Humu ndani hamna aibu. Aibu umeiacha mlangoni pamoja na viatu. Ukitoka utaikuta hapo hapo, uivae." Nikacheka katikati ya kilio, na yeye hapo hapo akaanza kazi.

Ni mwanamke mfupi, mpana, mwenye sauti ya kumwita mtu aliyeko shamba la pili. Nguo zake zinanukia udi hata siku ya kufua. Anawausia wari wake wawe na subira na waume zao, lakini yeye mwenyewe hawezi kungoja chai ipoe. Anaiunguzia ulimi kila asubuhi na kila asubuhi anailaumu chai. Hajafika uzee, ila anapenda kujiita bibi kizee ili asibishiwe. Nampenda mno, na ananichosha mno.

Mambo ya saratani yalianza na karatasi yangu. Nilikuwa nimerudi kutoka semina ng'ambo, huko bara, nimebeba bango lenye duara kubwa la rangi, limegawanywa vipande. Nikalibandika ukutani kliniki siku ya kina mama, nikashika fimbo, nikaanza kusoma kwa lugha ile ya semina. Wanawake wakawa wanapiga miayo. Somo alikuwa kakaa mbele, kamsindikiza mwari wake mmoja mjamzito. Akalitazama duara, akalitazama tena.

"Mwari wangu," akasema, "huo mkate wa kumimina kaukata nani? Mbona kavifanyia vingine uchoyo hivyo?"

Chumba kizima kikaamka kwa kicheko. Nami nikatupa fimbo, maana wallahi ule ulikuwa mkate wa kumimina mtupu, hata rangi ya pembeni ilikuwa ya kuungua kidogo.

"Haya, ni mkate," nikamwambia. "Chukua wanawake wote wa Tanzania wanaougua saratani, wafanye mkate mmoja. Kipande kikubwa kuliko vyote ni cha shingo ya kizazi. Kinachofuata ni cha titi. Baada ya hapo ndio vinakuja vidogo vidogo: koo la chakula, utumbo, damu, mdomo, na vingine."

"Na ile ya mnara wa simu?"

Hapo palikuwa na kisa. Pale Miburani kuna mnara wa simu, na wanawake walikuwa wameaminishana kwamba unaleta saratani ya kichwa. Walikuwa wanazunguka njia ndefu, ndoo ya maji kichwani, ili wasipite chini yake.

"Mnara mimi sikuusoma huko semina," nikasema. "Ila saratani ya ubongo, kipande chake hiki hapa." Nikamwonyesha, chembamba mno.

"Ebo! Huu uzi?" Somo akasimama. "Tunaukimbia uzi, na lile pande tumelikalia! Bandua karatasi yako, mwanangu. Karatasi hailiki. Nitawapikia."

Na kweli akapika. Kuanzia hapo, kila penye wanawake, iwe arusi, iwe maulidi, iwe arobaini ya mtoto, Somo alitokea na mkate wa kumimina uliojaa tui na hiliki, na kisu. Aliukata kwa vipimo vya bango langu, kipande kikubwa, cha pili, vidogo, na mwishoni kombo, vile vijipande vya ncha ya kisu. Kila kipande alikitaja kwa jina, akaeleza dalili zake na kipimo chake. Ile shingo ya kizazi hakuiita shingo ya kizazi. Alikuwa ameshasikia habari ya mama mmoja aliyekuja kwangu kupimwa, akavua ushungi, akaninyooshea shingo yake ya kichwani nimpapase. Kwa hiyo Somo aliitaja mahali penyewe kwa jina la ndani, lile tunalofundishwa tukiwa chini ya kanga, na mimi hapa silitaji. Wanawake waliziba midomo, wakaelewa papo hapo.

Neno lake kubwa lilikuwa, "Woga nao upange foleni." Alilisema akimaanisha kwamba mtu asitumie woga wote kwa ugonjwa wa nadra, akabaki hana hata wa akiba kwa ule unaogonga nyumba nyingi. Ukimlalamikia mnara, alikuuliza, "Shingo umepima?" Ukimwambia hapana, alikwambia, "Basi mwambie mnara akae nyuma, asubiri zamu yake."

Wanaume nao walipata somo lao bila kuliomba. Katika mkate wa wanaume kipande kikubwa ni cha tezi dume, na Somo alipolijua hilo hakulala nalo. Aliliendea dago, kambi ya wavuvi waliokuja kuvua msimu, watu wa wilaya nyingine kabisa, akawaeleza wakiwa wanashona nyavu. Sasa wavuvi, ukiwatajia tezi, wanajua jambo moja tu, nyuma ya chombo. Nahodha wao, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, akajibu kwa fahari, "Tezi ya chombo changu nzima, Somo. Juzi tu nimeitia kalafati, haivuji hata tone."

Dago zima likaangua kicheko. Somo akangoja wamalize.

"Hiyo ya mbao," akasema. "Mimi naitaja uliyoikalia. Ukienda haja ndogo, mkojo ukakungojesha, ukaja matone matone, chombo hicho nacho utakitia kalafati?"

Wote wakashona nyavu kwa bidii. Siku chache baadaye nahodha alikuja kliniki kuonyesha kidole alichojikata na kamba. Nilipomaliza kukifunga hakuondoka. Alikohoa, akatazama dari, akasema kwa sauti ndogo, "Na ile tezi nyingine, nesi, inaangaliwa na nani?" Nikampeleka kwa daktari wa kiume, nikatoka nje kucheka.

Msidhani lakini kwamba alikuwa mtu wa kuelewa kila kitu. Somo anatafuna tambuu, tena na tumbaku ndani. Nilimkuta siku moja shavu limetuna, nikamwambia, "Shikamoo Somo. Hiyo ndiyo inayoleta saratani ya mdomo."

"Marahaba mwari wangu. Kipande cha mdomo ni kidogo. Si mkate naukata mwenyewe? Nimekiona."

"Ni kidogo kwa nchi nzima, Somo! Nchi nzima haitafuni tambuu. Mkate wa watafunaji ukiukata peke yake, cha mdomo hakiwi kidogo tena."

Akatafuna, akafikiri, akatema. "Yaani kila mtu na mkate wake?"

"Kila mtu na mkate wake."

"Mh! Basi kazi yako ngumu," akasema. Tambuu aliipunguza, tumbaku akaiacha, au angalau aliacha kuitafuna mbele yangu. Nilishindwa kumpekua.

Na zile kombo za mwisho, zile za saratani za nadra, zamani alikuwa anawarushia kuku. "Hizi za kuku," anasema, watu wanacheka, kuku wanakimbilia. Mpaka jirani yake mmoja mtoto wake akaanza kung'aa jicho moja kwenye mwanga, akapelekwa ng'ambo, ikaonekana ni saratani ya jicho. Mtoto alitibiwa, jicho likatolewa, roho ikabaki, sasa anasumbua watu madrasa nzima. Lakini baada ya hapo sikumwona Somo akirusha kombo tena. Alizikusanya kiganjani, akazila mwenyewe taratibu, na akasema kwamba hata kombo ina mwenyewe. Nilitaka kumkumbatia siku ile, nikaona haya.

Sasa nije kwenye kosa la Kiegeani, maana kisa chote kinatoka hapo.

Palikuwa na arusi, na mikate ya kumimina ilipikwa na mpishi mmoja wa pale pale, mwanamke maarufu kwa mikono yake. Sinia zikazungushwa. Vipande vidogo vikaisha mara moja, vikubwa vikabaki. Sinia zikarudi jikoni na mapande yake, hayajaguswa. Mpishi akatoka na mwiko mkononi, machozi yanamlenga.

"Mkate wangu una nini? Umechacha? Semeni!"

Wakatazamana. Ndipo bibi mmoja akanong'ona, "Nani atake kula shingo?"

Jamani! Walikuwa wameelewa kwamba anayekula kipande kikubwa ndiye anayejitakia ugonjwa wenyewe. Somo kakata mikate kisiwa kizima, na matunda yake ni watu kuogopa mkate! Nilijishika kichwa. Niliona kazi yetu yote imekwenda na maji. Somo akajifunga kanga kiunoni. Kisha akachukua sinia kwa mpishi, akasimama katikati.

"Mmekosea," akasema kwa sauti ile ya shamba la pili. "Kipande kikubwa hakiliwi na kila mtu, ni kweli. Kipande kikubwa ni cha aliyekwisha kupimwa. Ambaye hajapimwa ale vidogo, avumilie. Haya, nani anataka shingo?"

Mwari wake mmoja, aliyepimwa kwangu majuzi, akainua mkono. Akapewa. Akala polepole kwa makusudi, akijilamba vidole, wenzake wakimeza mate. Wiki ile nilipata wanawake wengi mpaka siki ikaniishia. Maana kipimo chetu ni cha siki, ile ile ya jikoni: unapaka, unangoja kidogo, penye hitilafu panageuka peupe. Wengi wao hawakuwa na kitu. Wachache walikuwa na doa, tukalichoma siku hiyo hiyo, wakaenda zao. Na kila mmoja alipokuwa akivaa aliniuliza kama nitawathibitishia watu wa arusi kwamba kapimwa.

Ikawa desturi. Siku hizi, kwenye arusi zetu, husikii mtu akiomba kipande kikubwa. Utasikia, "Nipe shingo yangu!" Wanaume wakipita nje wanashangaa ni karamu ya kuku au ya nini.

Mimi ndiye niliyegundua, kwa sababu mimi ndiye mpimaji. Kipande kikubwa kilipita mkononi mwa Somo kila arusi, na hakikuingia mdomoni mwake hata mara moja. Watu wote walidhani kapimwa wa kwanza. Mimi nilijua hajawahi kupanda kitanda changu.

Nilimwendea kwa upole, akasema mguu unamuuma. Nikamwendea tena, ana arusi. Tena, akaniambia alishapimwa Dar, nikamwuliza wapi, akaniuliza kama siku hizi nimekuwa polisi. Nami sikuwa na muda wa kubembeleza. Somo alikuwa ameanza kuruka miezi, mwezi unaonekana, mwingine hauonekani, anajipepea jasho kwenye kivuli. Siki yetu haioni vizuri kwa mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi. Mahali penyewe hurudi ndani. Baada ya hapo ingebidi avuke bahari kwa vipimo vingine, na Somo kuvuka bahari kwa ajili hiyo, nilijua, asingevuka. Nilikuwa naogopa. Nilikuwa nimeona wanawake wanaoletwa wamechelewa, na sikutaka kumwona yeye akiletwa hivyo.

Siku moja nikamlipukia nyumbani kwake. "Umewapeleka wanawake wote, wewe mwenyewe unaogopa jibu!"

"Jibu siliogopi," akasema. "Nakuogopa wewe."

"Mimi?"

"Wewe ni mwari wangu. Mimi nimekuona wewe. Wewe utanionaje mimi? Baadaye nikikuambia jambo utanisikiliza kwa sura gani?"

Nikamwambia basi apimwe na nesi mwenzangu. "Naye mwari wangu." Na yule mwingine? "Yule nimemfunda pamoja na dada yake." Daktari? "Aka! Mwanamume!" Nikamwambia twende wote ng'ambo. "Nivuke bahari na aibu yangu kwenye begi?" Tukacheka, lakini mimi niliondoka pale nikilia, na sikujificha.

Hakunitumia salamu kwa muda. Kisha asubuhi moja, kliniki imejaa, mlango ukafunguliwa bila hodi. Aliingia yule mpishi wa Kiegeani, anamwongoza kwa mkono mtu aliyefunikwa kanga gubigubi, kutoka utosini mpaka magotini, miguu mitupu. Mwari mzima, mfupi, mpana, ananukia udi.

"Nimekuletea mwari," mpishi akasema, akijikaza asicheke. "Amesema leo wewe ndiye somo."

Nilivaa glovu, ya kushoto nikaitia mkono wa kulia. Alipanda kitandani akiwa hajafunua uso, akakakamaa kama mbao. Sikusikia hata pumzi. Nami nikajua maneno gani yanatakiwa, maana nilikuwa nimepewa mwenyewe.

"Humu ndani hamna aibu," nikamwambia. "Aibu umeiacha wapi, mwari wangu?"

Kutoka chini ya kanga, sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Mlangoni. Pamoja na viatu."

Akalegea. Nikapaka siki. "Mnanitia siki," akasema, "mimi achari?" Nikacheka, nikangoja, nikatazama. Pembeni pakageuka peupe, doa dogo, kingo zake zimekaa wazi. Kicheko kikanikauka.

"Mbona umenyamaza? Somo hanyamazi."

"Kuna doa, Somo. Si saratani. Ni doa ambalo ukiliacha miaka linaweza kuja kuwa ndiyo yenyewe. Naweza kulichoma sasa hivi, ni dakika chache."

"Linauma?"

"Kama tumbo la mwezini."

Akatoa mkono nje ya kanga, akautafuta mkono wa mpishi, akaushika. "Choma," akasema.

Nilichoma. Nilipomaliza nilikaa kwenye kiti nikalia kwa furaha, na mwari wangu akaniambia nisimlowanishie sakafu. Alipotoka nje, viatu vyake alivyoviacha mlangoni havikuwepo. Walitafuta yeye na mpishi, wakauliza foleni nzima, wapi! Alimlaani mwizi kwa nusu saa nzima, akarejewa na sauti yake yote. Nikampa malapa yangu, mimi nikashinda siku nzima na viatu vya chumba cha upasuaji.

Mara ya mwisho kukutana naye ni juzi hapa, Kiegeani tena, kwenye arusi ya binti wa mpishi. Alishika kisu kama kawaida. Akakata, akaita, "Nani anataka shingo?" Mikono ikainuka, akagawa, akatania, akagawa. Sinia ya mwisho ikabaki na pande moja tu kubwa. Hakumpa mtu. Alilishika akalitazama.

"Na hicho cha nani?" akauliza mpishi, ambaye alijua vizuri sana.

"Changu."

Akaliuma. Wanawake wakahesabu kichwani arusi zote walizokula pamoja.

"Somo!" mmoja akamaka. "Kumbe siku zote hizo ulikuwa hujapimwa?"

"Nilikuwa naona aibu."

"Wewe? Wewe, aibu?" Kicheko kikaanza upande mmoja wa mkeka kikazunguka wote, na vigelegele juu yake. "Haya, na sasa hiyo aibu iko wapi?"

Somo alikuwa mdomo umejaa mkate. Akainua gauni kidogo, akanyoosha mguu mbele ya wanawake wote, akaonyesha malapa yangu.

"Anayo aliyeniibia viatu," akasema.

Malapa hajanirudishia mpaka leo, na simwulizi.